Sanduku la Kura Penye Maji

Hekaya hii aliisimulia kwanza shangazi Namsifu, mwaka 1985, siku tatu kabla ya uchaguzi.

Wanyama walikuwa na desturi ya kupiga kura penye maji. Sanduku likakaa bwawani, mlangoni pa Kiboko, mfalme wa miaka yote.

"Wa mlimani wamekuja watatu tu," alicheka. "Wavivu!"

"Mzee, ni mwendo wa siku mbili," alisema Kobe wa mlimani.

"Anayeipenda nchi hutembea."

Ukame ukakausha bwawa, sanduku likahamia chemchemi ya mlimani. Kiboko aliondoka mapema, jua likamchoma ngozi, akarudi matopeni. Kobe akashinda.

"Wa bondeni wangapi?" Kobe alimuuliza karani Nungunungu.

"Hakuna, mzee."

"Andika: wavivu."

Mvua zilirudi, bwawa likajaa, sanduku halikuteremshwa. Kiboko alikwisha kufa. Kobe yu hai, na bado ni mfalme.