Ncha Zilizoanikwa

Kwa mara ya nne mwaka huo, seli zilizopaswa kufa zilikuwa hai.

Leonida aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akaisonya ile sahani kama vile imemtukana. Vishimo vyote vya sahani hiyo, vilivyokuwa na seli, alivitia sumu. Nusu aliviwekea peptidi, kile kipande kidogo cha protini kitokacho kwenye mitokondria, ambacho yeye alidai kinaikinga seli. Nusu nyingine aliviwekea maji matupu. Na seli zote zimenawiri! Basi peptidi yake haina kazi, na miaka mitatu imekwenda na maji.

"Labda sumu imechuja," alisema Bi Stamili, fundi wa maabara.

"Sumu nimeifungua jana, Bi Stamili!"

Akanyoosha mkono achukue ncha mpya ya plastiki ya kudondoshea, ajaribu tena. Kasha lilikuwa limejaa pomoni. Limejaaje, na ncha zilizoagizwa hazijafika tangu masika?

Bi Stamili akageukia dirisha. Juu ya ungo, ncha zilizokwisha kutumika zilikuwa zimeanikwa juani kama dagaa.

"Naziosha mwenyewe, mwanangu. Maji ya moto, mara tatu. Ningekuacha ukae bure?"

Leonida alisogea hadi kwenye ungo. Akaokota ncha moja mbichi, akaiinua kwenye mwanga. Ndani kabisa, penye wembamba, kijitone kidogo kuliko punje ya chumvi kilikuwa kimeng'ang'ania.

Mara tatu, maji ya moto, na bado peptidi iliyobaki humo ilitosha kuzikinga hata seli za maji matupu.