Vidole vya Mama Mkwe

Pakiti ilikuwa imebaki nusu.

Nilikuwa nimeificha chini ya nguo zangu, mbegu mpya ya mahindi iliyopakwa dawa ya rangi ya waridi, maana mama mkwe alikuwa ameapa mbele ya mwanawe kwamba mbegu ya dukani haitakanyaga shamba lake. Mbegu yake ilining'inia juu ya meko, nyeusi kwa moshi, kama alivyoachiwa na marehemu mama yake.

Nikatoka nje. Alfajiri ile ukungu ulilala hadi kizingitini, na mama mkwe ameketi pale kama anayeelea.

"Nimiminie maji, mwanangu, ninawe."

Nikamimina. Maji yakateleza vidoleni mwake, yakaanguka kwenye beseni yakiwa ya waridi.

"Mama, umepaka hina?"

Akavitazama vidole vyake taratibu, kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Mwaka jana jua lilipotuunguza, shamba la jirani lilibaki kijani. Mimi ni mzee, si kipofu."

Akajifuta mikono.

"Mistari sita nimemaliza. Kimbia ukapande iliyobaki, kabla mumeo hajaamka akanikumbusha kiapo changu."