Kwa Nini kwa Nadine Hawaharishi

Mtungi wa Bibi Josepha ulipasukia kwenye jiwe, na aliyepiga makofi alikuwa mtu mmoja tu: Elieth.

"Safi! Haya, nani anafuata?"

Kitongoji kizima, kule Heru Juu, kimesimama kinatazama vigae. Mtungi ule Josepha alipewa na mama yake siku anaolewa, na tangu hapo haukusuguliwa ndani hata mara moja. Ukiusugua, wanasema, maji yanapoteza utamu.

"Utamu!" Elieth akacheka. "Bibi, huo utamu wako ndio mdudu mwenyewe."

Basi akawashushia somo, na somo alikuwa nalo, chuo amemaliza juzi tu. Mdudu wa kipindupindu, akasema, ana akili kuliko nyie. Mnyime chakula, anajikunja, anakuwa kadogo, analala. Mpige na baridi, analala. Mwagie dawa, anajificha kwenye ute, ule utelezi wa kuta za mtungi. Wanajazana humo kama watu chini ya blanketi moja, dawa inapita juu kwa juu. Siku akiingia tumboni kwa mtu, akakuta joto na chakula, anaamka na njaa zake zote.

"Sasa si tusugue tu mitungi?" aliuliza Crispin, mwenyekiti wa kitongoji.

"Nyie? Kusugua? Vunjeni, mwenyekiti. Kusugua hamtaweza."

Elieth mwenyewe ni mtoto wa Kibondo, Kiha anakijua mpaka matusi, lakini msalimie "mwakeye" uone, anakujibu "mambo." Shirika lilimtuma na ndoo yenye koki, ileile aliyozunguka nayo Nyakitonto kipindupindu kilipowaka kule. Heru Juu kilikuwa bado hakijafika, alikuja kukizuia. Nyumba kwa nyumba akaingia, akachota kikombe cha maji yenye dawa, akawaonjesha, wajue maji salama yanafananaje. Dawa yenyewe alikuwa anaipunguza. Ikikolea, washamba hawa wanakunja nyuso.

Halafu huku, anayekukaribisha kinywaji huonja yeye kwanza, ndipo ujue hajakuwekea kitu. Elieth alikuwa anagusisha mdomo tu, anameza mate yake. Kikombe cha kitongoji kizima? Thubutu! Kwenye mkoba alikuwa na maji yake ya dukani.

Mlango mmoja tu haukumfungukia, wa Nadine, Mkongo aliyeolewa na Isack fundi seremala.

"Miye nakatala!" Nadine alimwambia kupitia dirishani. "Mimi si mtoto ya kufundishwa kunywa maji. Toka apa na kindoo chako, mademwazeli!"

"Baki na uchafu wako," Elieth akamjibu, akapita.

Wiki haijaisha, watu wakaanza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mjukuu wa Josepha akalazwa na dripu. Mke wa mwenyekiti naye. Nyumba hii, nyumba ile.

"Mnaona?" Elieth akawaambia. "Je, ningechelewa kuja?"

Ila kwa Nadine, watoto wanacheza mpira. Choo chao gunia na shimo, kisima ni hichohicho cha wote, na hakuna hata mmoja aliyeshika tumbo. Maneno yakaanza.

"Huyu katuroga," Josepha akasema mkutanoni. "Kwa nini yeye tu?"

"Loh, uchawi tena!" Elieth alicheka mpaka akashika mbavu. "Bibi, huyo hawezi kuroga hata kuku. Ana mtungi. Yaani wao wameshamzoea mdudu, wanamfuga, halafu wanawamwagia nyie kisimani. Nitawathibitishia."

Wanawake wakamshika Nadine mikono, Elieth akaingia ndani, akakwangua ute kwenye mtungi wake. Akachota na maji ya kisimani. Akaongeza na sampuli ya kulinganishia, kutoka mahali alipojua ni pasafi kabisa, maana chuoni ndivyo wanavyofundisha. Vyote vikaenda Kasulu, maabara, kwa Zena, shoga yake wa chuo.

Mkutano ukaamua: majibu yakiuangukia mtungi, Nadine anaondoka siku hiyohiyo, arudi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alikotoka, yeye na watoto wake. Isack akitaka, amfuate. Elieth hakuona ubaya wowote.

Simu ililia watu wamejaa uwanjani, jua linachoma. Magodoro ya Nadine yalikuwa yameshafungwa kwenye bodaboda. Ndoo yenye koki iko mezani, kikombe kinazunguka, watu wanapooza koo. Elieth akaweka sauti ya nje, washamba nao waisikie sayansi.

"Shoga, kaa chini kwanza!" Zena alikuwa anahema. "Mwanzo hakikuota kitu, nikasema hamna. Kumbe wamelala! Nimewalisha, nikawapa joto, wameamka wote, wamejaa vibaya mno!"

Minong'ono ikapita uwanjani. Nadine akambeba mwanawe mdogo.

"Nilisema mimi," Elieth akatamba. "Mtungi."

"Mtungi upi? Mtungi hauna kitu, nimerudia kuupima."

"Basi kisima."

"Kisima cheupe kabisa."

"We Zena, sasa hao wadudu umewatoa wapi?"

"Si kwenye ile ya kulinganishia! Ile uliyoniambia umeikwangua ndani ya ndoo yako."

Kikombe kilikuwa kimemfikia mwenyekiti Crispin, na alikuwa ameshameza.