Lala, Baba

"Huu hauna fungu," alisema mtunza maktaba wa redio, akivua visikizio. Kompyuta yake ilikubali nyimbo za mafungu manne tu: dini, mapenzi, maombolezo, watoto. Wimbo usio na fungu haurushwi.

Mtangazaji wa kipindi cha watoto ndiye aliyeunasa kwa simu, alipopeleka suruali ikapunguzwe. Fundi cherehani alikuwa ameupa mlango mgongo, akiuimba peke yake:

*Lala, baba, lala fofofo,*
*bawaba nimezitia mafuta,*
*viatu nimevishika mkononi,*
*lala, baba, usiamke.*

"Mafuta! Huo ni upako," alisema mtu wa vipindi vya dini.

Wa mapenzi alicheka mpaka akakohoa. "Upako wa bawaba? Acha masihara. Huyo anambembeleza mumewe."

Mzee anayesoma matangazo ya vifo hakucheka. "Usiamke, usiamke... Mtoto aliye hai haimbiwi hivyo. Huyu mama kafiwa na mwanawe."

Mtangazaji akarudi kwa fundi kumwomba ruhusa. Fundi aliposikia, akaacha mkasi, akamshika mikono yote miwili.

"Ufute, mwanangu. Nakuomba. Huo si wimbo, ni maneno yangu tu ya kujipa moyo. Mkiutoa, mtaniua."

Mtangazaji alirudi kazini machozi yakimlengalenga. "Mficha maradhi kifo humuumbua," aliwaambia wenzake, "na huzuni nayo ni maradhi." Wote wakakubali. Walikuwa watu wema hasa, na watu wema wakishaamua kukusaidia, huna pa kukimbilia. Wimbo ukatiwa fungu la watoto, urushwe jioni ileile, zawadi kwa kila mama mwenye uchungu.

Jioni fundi alikuwa jikoni akimenya viazi. Sakafuni, mwanawe alikuwa akichora gari lenye magurudumu sita, akiuliza kama linaweza kufika kwa bibi.

Ndipo fundi akaisikia sauti yake mwenyewe kutoka chumbani, redioni. Kisu kikamponyoka.

Kitanda kikalia. Mumewe, aliyekuwa amejilaza, akaongeza sauti, akausikiliza wimbo wote, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akatoka taratibu, akawapita mke na mtoto bila kuwatazama, akapiga kufuli mlango wa nje, ufunguo akautia mfukoni.