Albamu Kumi za Shimoni

"Taja ya kumi," Shikanga alisema gizani. "Taja, Phanuel. Usininyamazie."

Walikuwa futi arobaini chini ya shamba la mahindi, katika shimo la dhahabu huko Iguhu. Asubuhi hiyo magogo ya kushikilia dari yalilia mara moja tu, udongo ukashuka. Tochi ilipotea. Njia ya kutokea ikazibika. Shikanga alijikuta amelala chali, kifusi kimemfunika miguu mpaka mapajani, kizito na baridi. Hakusikia maumivu popote, akamshukuru Mungu.

Aliyemtia hofu ni Phanuel. Alikuwa amempapasa, akampata amejikunja ubavuni mwake, akamshika juu ya kiwiko. Mkono wa shati ulikuwa umelowa chapachapa, una joto. Shikanga alinusa vidole vyake. Damu.

"Mkono umeingia kwenye kifusi," Phanuel alisema. "Siwezi kuutoa. Usinivute, bwana. Na usijitikise hata kidogo."

"Damu ni nyingi?"

"Ni nyingi."

Wote wawili waliwahi kuwa skauti, na neno moja Shikanga alikuwa hajalisahau: anayevuja damu asiachwe asinzie. Lakini utamzuiaje mtu kusinzia gizani, tena mtu ambaye hamjasemeshana tangu Jumapili?

Walikuwa wamegombania orodha. Tangu wamalize kidato cha nne, miaka miwili sasa, ukuta wa chumba walichopanga pamoja ulikuwa na albamu kumi bora za hip hop za nyakati zote, zimeandikwa kwa mkaa. Mmoja akiandika, mwingine anafuta. Kanda zililetwa na binamu ya Phanuel kutoka Nairobi, nakala ya nakala, zikikwaruza. Shikanga alikuwa mtu wa Kalifonia, midundo mizito ya polepole. Phanuel alikuwa mtu wa New York, maneno kwanza. Jumapili Shikanga aliivunja ile kanda ya bluu ya Phanuel, namba moja yake, akidai aliikanyaga kwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Tangu siku hiyo walikuwa wakiambiana tu "shika kamba" na "pitisha karai".

"Ya kumi," Phanuel alisema mwishowe, "ile ya bluu."

"Ile niliyovunja?"

"Hiyo hiyo. Haikuwa kitu."

Shikanga alitaka kucheka, akashindwa. "Unaniongopea. Wewe hushika daftari usiku ukinakili maneno yake. Ya kumi vipi?"

"Basi niambie inafaa kuwa ya ngapi."

Ikabidi Shikanga aitetee kanda aliyoivunja kwa kisigino chake. Aliutetea ubeti wa pili wa upande B, akaitetea ile ngoma inayoanza kwa sauti ya treni. Alisema mambo ambayo kwa miaka miwili alikuwa ameapa hayamo kwenye kanda hiyo. Kila alipopunguza sauti, Phanuel alimpinga.

Juu yao zikaanza kusikika sururu, mbali sana. Mzee Philemon, mwenye shimo, alikuwa akiwaamrisha watu.

"Wanakuja," Shikanga alisema. "Vumilia. Ya tisa?"

Phanuel alizipanga ovyo. Zile nzito za Kalifonia alizitupa mkiani. Ile ambayo wote wawili waliiita takataka aliiweka ya nne. Shikanga alichemka. Hivi huyu mtu alikuwa anaweweseka kwa kupoteza damu, au ni ile chuki ya Jumapili?

"Na ya kwanza?"

"Ile ya Ayuma."

Ayuma alikuwa dada mdogo wa Phanuel, na kanda yake ilikuwa ya vijana watatu wa kubembeleza wasichana, wanaimba zaidi ya kurap.

"Phanuel, hata kama unakufa, hiyo sikubali."

"Basi nishinde. Toa sababu tano."

Shikanga alitoa ya kwanza. Alitoa ya pili. Sauti ya Phanuel ilikuwa imeanza kwenda mbali, kama redio inayoishiwa betri, na hilo lilimwogopesha kuliko giza. Alijaribu kumfinya mkono. Vidole vyake mwenyewe havikukaza.

"Phanuel, unalala."

"Silali. Ya tatu?"

"Jumapili nilifanya makusudi. Ile kanda."

"Najua. Sababu ya tatu, Shikanga."

"Ya tatu..." Alikuwa nayo sasa hivi, ikampotea. "Usilale, ndugu yangu. Nitakutafutia nyingine, hata kama ni kwenda Nairobi kwa miguu."

"Ya tatu," Phanuel alisema kwa ukali. Sauti yake ilitetemeka. "Nimesema ya tatu."

Udongo ulimwagika karibu na vichwa vyao, hewa ikaingia, kisha mwanga. Mzee Philemon alitambaa ndani, kamba kiunoni, tochi mkononi.

"Mzee, mtoe Phanuel kwanza," Shikanga alisema. Ulimi ulikuwa mzito kinywani. "Anavuja damu tangu asubuhi. Nimemzuia asilale."

Mwanga ulimpiga Phanuel usoni, jasho tupu, ukashuka begani, ukaufuata mkono wake uliojaa damu mpaka pale ulipozama kwenye kifusi. Philemon alifukua hapo kwa vidole, taratibu, kisha akaacha kufukua. Shikanga alijitahidi kuinua kichwa. Aliiona ngumi ya rafiki yake imeshindiliwa ndani ya jeraha la paja, na paja lile lilikuwa lake yeye Shikanga.

"Usiachilie bado, Phanuel," mzee alisema, akifungua kamba kiunoni. "Kaza hivyo hivyo, nimfunge."