Vitone vya Penseli

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi ya manyunyu yasiyolowesha wala kukoma. Mwanafunzi wa udaktari wa elimu, bibi wa wajukuu wawili, alikuwa darasani akipanga vipande vya kadibodi alivyovibuni ili kufundishia sehemu za hesabu, kama nusu na robo. Alivijaribu, akavirekebisha, akavijaribu tena. Leo ulikuwa mzunguko wa tatu na wa mwisho wa majaribio, na msimamizi wake alikuwa anakuja kuushuhudia.

Akaviona ukingoni mwa vipande. Vitone vya penseli: kwenye nusu viwili, kwenye robo vinne. Kumbe mizunguko yote watoto hawakuwa wakipima. Walikuwa wakihesabu vitone kupata jibu.

"Mwalimu, nani kaviweka?" akauliza.

Mwalimu wa darasa aliinamisha uso. "Mimi, mama. Tangu mzunguko wa kwanza. Watoto walikwama, na wewe ulikuwa umekonda kwa mawazo. Nikakuonea huruma."

Alama zote za watoto zilizopanda, miaka yake sita ya madarasa ya jioni, vyote vilisimama juu ya vitone.

"Tukinyamaza?" mwalimu akanong'ona. "Mbona hata wewe hukuviona."

Msimamizi akaingia, akikung'uta mwavuli. "Haya, bibi mwanafunzi, leo tunahitimisha safari?"

Watoto wakasimama. *Bwana, nishike mkono,* bibi akaomba moyoni, kisha akamwekea msimamizi kipande cha robo kiganjani, vitone vikitazama juu.

"Profesa, naahidi mbele yako, mbele ya mwalimu na watoto hawa: vitone hivi nitaviandika katika tasnifu kama vilivyo, na mzunguko wa kwanza nitauanza upya."