Nguzo ya Njia ya Zahanati

Kila asubuhi Devota aliiamkia nguzo. Alisimama chini yake, kikapu mgongoni, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo mzee." Wachumaji wenzake walicheka kidogo, wakaziba midomo, kisha wakapita na wao wameinamisha vichwa.

Juu ya nguzo ile ya mti wa mlingoti palikuwa na sanduku jeupe lenye jicho moja. Kamera. Wakubwa wa shamba walitangaza kwamba anayeangalia yuko Iringa mjini, amekaa mbele ya televisheni, na kwamba anauona kila mstari wa chai mpaka mwisho. Hiyo ilikuwa mwaka jana, mvua zilipokatika. Tangu hapo Kasian, msimamizi, alinenepa. Hakuwa na haja tena ya kuzunguka na filimbi.

Siku moja alimwita mchumaji mmoja, Masumbuko, akamwambia tu, "Kamera imekuona." Masumbuko akapiga magoti. Akataja siku aliyolala vichakani. Akataja na mawe aliyotia kikapuni ili mzani upande. Hakuna aliyemwuliza habari za mawe. Jioni ile ile alitoa godoro lake kwenye nyumba ya shamba, akaondoka nalo kichwani.

Esnath, mchumaji mwenzake, aliyaona hayo kwa macho yake. Ndiyo maana Alhamisi ile, mtoto wake alipoanza kuhema kwa shida, hakukimbia naye zahanati.

Sekela alikuwa na miaka minne. Alilazwa juu ya kanga mwanzo wa mstari, kikohozi chake cha kila kipindi cha baridi kimemrudia. Asubuhi Esnath alikuwa ametafuta kwenye rafu chupa ya dawa ya mwaka jana, labda limebaki tone.

"Baba Sekela, ile chupa mimi niliiweka hapa."

"Ilivunjika," Gerson alisema, akaendelea kufunga kamba za viatu. Gerson, mumewe, alikuwa fundi seremala wa shamba.

Saa tano Esnath akaomba ruhusa.

"Mzani ni saa kumi, mama Sekela," Kasian alisema. "Ukitaka kwenda sasa hivi, mimi sikukatazi. Utaonana na yule pale." Akaonyesha nguzo kwa kidevu. Akapanda pikipiki yake, akaenda kula.

Hapakubaki mtu wa kumzuia. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu, na njia yake ilipita chini ya nguzo.

"Nenda, dada," Devota alinong'ona bila kuinua uso.

"Na nyumba? Na kazi ya Gerson?"

Devota akazidi kuinama. Akachuma.

Trekta likaja na makreti yaliyotengenezwa upya, Gerson amekaa juu yake. Aliruka chini kabla halijasimama. Akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye kifua cha mtoto. Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi.

"Nimpeleke?" Esnath aliuliza.

Gerson alitazama njia. Akatazama upande wa ofisi. Juu hakutazama. Hakuwa na desturi ya kuitazama ile nguzo, hata siku ya kwanza, watu wote walipoikodolea macho.

"Nikimbeba nikapita pale, wataniona?" Esnath aliuliza tena.

Gerson akafungua mdomo. Akaufunga.

"Ngoja nikaombe ruhusa," alisema.

Alikimbia, hilo hakuna anayemnyima. Ofisini walimkalisha kwenye benchi mpaka meneja amalize chakula, halafu mpaka amalize simu. Saa tisa na nusu alirudi mbio na karatasi yenye muhuri, ya kumruhusu mama wa mtoto atoke.

Esnath alikuwa ameketi chini, Sekela mapajani, akimfukuza nzi usoni. Hakuipokea karatasi. Gerson alibaki ameishika hivyo hivyo, mkono umenyooka, mpaka Devota akaja akaitoa vidoleni mwake.

Shamba lilitoa mbao. Jeneza Gerson alilitengeneza mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Lilikuwa dogo, kazi safi, kona zimekaa sawasawa. Akalipaka rangi nyeupe iliyokuwa imebaki kidogo kwenye kopo pale karakana.

Siku tatu za msiba zilipokwisha, Esnath alirudi kwenye mstari. Alichuma mpaka saa nne. Kisha akaweka kikapu chini, akachukua panga la kupogolea chai, akatoka kwenye mstari, na kutembea polepole kuifuata njia ya zahanati.

Watu waliacha kuchuma. "Dada, rudi," Devota alisema. "Dada, inakuona."

"Ione."

Akaanza kukata. Mlingoti ni mgumu, na yeye alikuwa hajala siku nyingi, lakini hakupumzika. Kasian alipiga kelele kutoka mbali, bila kusogea. Aliyekuja mbio ni Gerson, kutoka karakana, hana viatu.

"Mama Sekela, usiikate! Nakuomba. Niache kwanza nikwambie."

Hakugeuka. Nguzo ikalia, ikalala juu ya majani ya chai, na lile sanduku likaruka, likapasukia miguuni pake.

Ndani yake hamkuwa na waya hata mmoja. Mlikuwa na chupa ya kahawia iliyolazwa, kitako chake, lile jicho, kikiangalia nje, imebanwa kwa misumari minne iliyopindwa kwa ufundi. Haikuvunjika. Karatasi yake ilikuwa bado imeganda ubavuni, na mwandiko wa zahanati ulisomeka vizuri: *Sekela Gerson. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku.*